Programu Ikishaandikwa: Kuanza Kazi ya Devopsi Nyeri

Devopsi ni kazi ya kuifikisha programu kwa watumiaji na kuilinda isizimike ikiwa mikononi mwao. Jina hilo, lililounganisha uundaji wa programu na uendeshaji wa mitambo, lilianza kuenea mwaka 2009, Patrick Debois alipoandaa mkutano wa kwanza wa devopsi mjini Ghent, Ubelgiji. Kabla ya hapo, kampuni nyingi zilizitenga kazi hizo mbili. Waandishi wa programu walitaka mabadiliko kila mara, waendeshaji wa seva walitaka utulivu, na mitambo ikianguka kila upande uliunyoshea mwingine kidole.

Kiini cha devopsi wakulima wa kahawa wa Othaya na Mathira, huko Nyeri, wanakijua vyema. Matunda yaliyoiva huchumwa na kufikishwa kiwandani siku hiyo hiyo, kwa maana yakilala guniani ubora hushuka. Programu nayo hupelekwa kidogo kidogo, mapema. Mabadiliko ya mistari 20 yakileta hitilafu, chanzo huonekana upesi. Kazi ya miezi 6 ikimwagwa kwa mkupuo mmoja, kulitafuta kosa huweza kuchukua siku nzima huku wateja wakisubiri.

Mhitimu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, au yeyote aliyezoea kuandika programu, ana nusu ya mtaji. Anaweza kusoma msimbo, kufuatilia kosa na kutumia Git. Asichokijua, mara nyingi, ni yanayoipata programu ikishatoka kwenye kompyuta yake: Linux, mitandao, hifadhidata, ruhusa za watumiaji na usalama.

Elimu hiyo huingia kwa kufanya. Programu ndogo ya kuandika maziwa yanayopokelewa na chama cha ushirika inatosha kwa zoezi. Kwanza huwekwa kwa mkono kwenye seva ndogo ya kukodi, ili kila hatua ieleweke. Kisha hatua hizo huandikwa ziwe amri zinazojiendesha, programu ikafungwa kwa Docker ndani ya kontena, yaani kifurushi chenye kila inachohitaji ili iendeshwe, na majaribio yakawekwa yajiendeshe kila msimbo unapobadilika. Baada ya hapo huja sehemu yenye faida kubwa kuliko zote, nayo ni kuharibu kwa makusudi. Hifadhidata huzimwa, diski hujazwa hadi pomoni, seva hufutwa kabisa na kila kitu kurejeshwa kutoka kwenye nakala ya akiba. Anayefanya hivyo mara kadhaa hupata utulivu ambao cheti hakiwezi kumpa. Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, huwavutia wanaoanza, lakini kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya kuendesha kontena nyingi kwenye mashine nyingi, inaweza kungoja.

Umbali kati ya Nyeri na Nairobi si kikwazo kikubwa kama unavyodhaniwa. Seva za M-Pesa zenyewe zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015, na kituo cha seva cha Amazon cha Cape Town kilifunguliwa mwaka 2020. Mashine iliyo huko huendeshwa kutoka Karatina kwa amri zile zile zinazotumika Nairobi. Intaneti nayo si ya mijini pekee: karibu na Nanyuki, mradi wa Mawingu ulianza mwaka 2013 kupeleka intaneti vijijini kwa kutumia umeme wa jua na masafa ya televisheni yasiyotumika. Hata hivyo, betri imara na laini ya pili ya intaneti ni vifaa vya kazi, kwa kuwa umeme hupotea bila taarifa.

Nafasi za devopsi kwa asiye na uzoefu ni chache. Mlango ulio wazi zaidi ni ndani ya kazi ya programu yenyewe, kwa kujitolea kushika upelekaji na ulinzi wa seva, au katika ofisi za kompyuta za sako, hospitali na vyuo vya eneo hilo. Mwajiri huonyeshwa msimbo wa zoezi pamoja na maelezo ya kila hitilafu: ilianza saa ngapi, iligunduliwaje, na nini kilibadilishwa ili isirudi. Pia huuliza kama mwombaji yuko tayari kwa zamu za usiku, simu ikiwa kando ya kitanda.