Binti aliyejifunza muziki kwa kusikiliza masomo ya kaka yake

Mzazi, mwalimu wa tuisheni anapokuja nyumbani kumfundisha kijana wako, dada yake anakuwa wapi? Katika nyumba nyingi za Kibosho, Machame na Marangu, saa hiyo binti yuko jikoni au anawakatia ng'ombe majani. Akiwa karibu, somo analisikia.

Kisa cha Annapurna Devi, mpigaji wa ala za nyuzi wa India, kinaonyesha mtoto wa namna hiyo anaweza kufika wapi, na nini kinaweza kumkwamisha.

Alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Maihar na kupewa jina la Roshanara. Baba yake, Allauddin Khan, alikuwa mwalimu mashuhuri wa muziki wa asili wa India. Alimfundisha kijana wake, Ali Akbar, kupiga sarodi, lakini binti huyu hakumfundisha. Dada yake mkubwa alifundishwa muziki, alipoolewa wakwe wakauchukia, na mzee hakutaka yajirudie.

Siku moja baba alirudi nyumbani akamkuta binti anamsahihisha kaka yake. Somo lote alikuwa amelishika kwa kusikia tu. Mzee hakumgombeza. Alianza kumfundisha, kwanza kuimba na kupiga sitari, kisha surbahari, ambayo ni sitari kubwa yenye sauti nzito.

Mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 14 hivi, aliolewa na mwanafunzi wa baba yake, Ravi Shankar. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kiume, Shubhendra.

Wawili hao walipiga pamoja jukwaani. Annapurna alieleza baadaye kwamba watu walipomsifu yeye, mumewe hakufurahi, hivyo aliacha jukwaa ili kuokoa ndoa. Ravi Shankar alieleza tofauti, kwamba mkewe mwenyewe ndiye hakutaka kupiga hadharani. Ndoa haikudumu. Mume alijulikana dunia nzima. Mke alibaki Mumbai akifundisha, na rekodi zake ni chache sana.

Hata hivyo, mikononi mwake walipita Nikhil Banerjee wa sitari na Hariprasad Chaurasia wa filimbi, na mwaka 1977 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Bhushan. Alifariki dunia Oktoba 2018.

Kwa mzazi wa Moshi, jambo la kwanza ni umri ule wa ndoa. Mwili wa msichana wa miaka 14 bado unakua. Akipata mimba anakuwa katika hatari zaidi ya kifafa cha mimba na uchungu pingamizi, ambao unaweza kumwachia fistula. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba.

La pili ni alichofanya yule mzee: alibadili msimamo aliposikia binti anaweza. Wiki hii, mtoto wako wa kike akimsahihisha kaka yake hesabu, au akipapasa kinanda cha kwaya baada ya ibada, usimkatishe. Msikilize. Kama anaweza, zile kazi za jioni zigaweni sawa kati yake na kaka yake, ili naye apate saa moja ya kujifunza.