Usimuulize saizi ya jinzi, mpime kitovuni

Wanaume wengi ukiwauliza kiuno chao watakutajia saizi ya jinzi. Wangu alijibu "34" bila kupepesa macho. Tatizo, jinzi inakaa chini ya kitambi, wakati kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Scotland, inavaliwa juu, usawa wa kitovu. Nikazungusha tepu pale: inchi 39! "Mama watoto, hiyo tepu imevutika." Haikuvutika, jamani.

Na hatukuwa na nafasi ya kubahatisha. Wifi yangu alikuwa anaolewa Inverness, baba mkwe alishatutoka, hivyo kaka mtu ndiye wa kumsindikiza mpaka altareni, tena ndani ya mirabaraba ya ukoo wa bwana harusi. Kushonewa na fundi wa kule ni mamia ya pauni. Tukaamua cherehani ya nyumbani.

Vipimo ni vitatu: kiuno, makalio pale yanapojaa, na urefu kutoka kiunoni hadi katikati ya goti. Huo wa mwisho rudia. Kilti ya jadi haina pindo. Ukingo wa kitambaa wenyewe ndio unakaa chini, kwa hiyo urefu unapunguzwa juu, kabla hujashona. Mpigishe magoti: iachane na sakafu kwa sentimita 2 hivi. (Mwanaume kukupigia magoti, raha yake unaijua.)

Chukua sufu nzito, mita 4 za upana wa sentimita 150. Igawe katikati kwa urefu, unga, unapata mita 8. Mbele ni vipande viwili bapa vinavyopishana; marinda yote nyuma, na kiungo kifiche humo.

Kukaa vizuri kunaamuliwa na marinda. Mume wangu ana kiuno sentimita 99, makalio 107. Nusu ya nyuma inatofautiana sentimita 4; kwa marinda 20, kila moja linapungua milimita 2 tu kuelekea kiunoni. Piga bandi, mvalishe, aketi, apumue. Ndipo ushone, kiunoni hadi makalio. Chini ni pasi tu.

Kanisani alimshika dada yake mkono wote safari nzima, hakuivuta kilti hata mara moja. Mikanda ya bizimu tuliitoboa matundu matatu. Baada ya chakula alihamia la mwisho.