Bonde la Ufa Lililo Chini ya Bahari

Tulipokuwa Nagongera, wilayani Tororo, sajini mmoja alituuliza swali tusilolitarajia: "Afande, hao wanaochunguza vilindi vya bahari hutafuta nini huko kusikoonekana?" Tulikuwa kando ya reli itokayo Mombasa, na jibu letu tulilianzia hapo hapo relini.

Ndugu askari aliyesafiri kwa reli hiyo hulikumbuka Bonde la Ufa: garimoshi hushuka ukingo mmoja, hukata uwanda wenye maziwa, kisha hukwea ukingo wa pili. Bonde la namna hiyo lilipimwa pia chini ya bahari na watu wa meli moja ndogo, Mabahiss, yenye urefu wa kadiri ya meta 42.

Meli hiyo, mali ya serikali ya Misri, iling'oa nanga Iskandaria Septemba 1933, ikarejea Mei 1934 baada ya kuzunguka Bahari ya Arabuni na kufika pwani yetu. Kiongozi wa utafiti alikuwa Luteni Kanali Seymour Sewell. Mabaharia walikuwa Wamisri, na miongoni mwa wataalamu walikuwamo Wamisri wawili: daktari Hussein Faouzi na mkemia Abdel Fattah Mohamed.

Kazi ya melini ilifanana na lindo. Chombo hupeleka mlio chini, mwangwi hurudi. Penye kina cha meta 3,000 safari hiyo huchukua kama sekunde 4. Ukikosea hesabu, umechora mlima pasipo mlima. Chupa za kutekea maji na vipimajoto viliteremshwa kwa waya mrefu, saa baada ya saa. Upande wa Ghuba ya Oman, nyavu zilipandishwa bila kiumbe hai. Mwepesi wa kukata tamaa angeandika kwamba kazi imeharibika. Wao walipima maji, wakakuta tabaka nene lenye oksijeni kidogo mno. Kwa maoni yetu, nyavu hizo tupu zilikuwa na thamani kuliko zilizojaa.

Mwaka 1937 Sewell na mwenzake Wiseman waliandika kwamba korongo lililopasua safu ya milima ya Carlsberg, chini ya bahari hiyo, lafanana na Bonde la Ufa letu. Wanajiolojia wa baadaye walionyesha kwamba mipasuko hiyo huungana, kupitia Ghuba ya Aden, huko Afar.

Sajini alitazama mashariki, ilikoelekea reli, akauliza kama bonde la baharini nalo lina volkano. Tukamjibu kwamba linazo.