Herufi Moja Iliyowasha Lupasi ya Mtoto

Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioanzia kwa mtoto mmoja wa kike wa Hispania. Kinga ya mwili wake ilikuwa ikiharibu chembe sahani zake, zile zinazosaidia damu kuganda mtu akijeruhiwa, na tiba za kawaida hazikufua dafu. Akiwa na miaka 7 ikabainika ana lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe.

Timu ya Profesa Carola Vinuesa ilisoma vinasaba vyake vyote ikakuta herufi moja imebadilika kwenye jeni iitwayo TLR7. Wazazi wake hawakuwa na badiliko hilo. TLR7 hutengeneza kipokezi ambacho kazi yake ni kutambua RNA ya virusi vilivyoingia kwenye seli. Kwa mtoto huyu kipokezi kilikuwa chepesi mno kushtuka, hata kikichokozwa na kemikali za mwili wenyewe. Seli B ambazo zingepaswa kufa zikaendelea kuishi na kutoa kingamwili dhidi ya mwenye mwili. Panya waliowekewa badiliko hilohilo waliugua lupasi, na chembe sahani zao zikapungua.

Jeni hiyo imo kwenye kromosomu X. Wanawake wana X mbili, na katika baadhi ya seli zao nakala zote mbili za TLR7 hufanya kazi. Hiyo huenda ni sehemu ya maelezo ya kwa nini wagonjwa tisa kati ya kumi wa lupasi ni wanawake.

Kwangu mimi, kisa cha mtoto huyu kinaonyesha thamani ya kuchunguza watoto. Mtu mzima ameshapitia miaka mingi ya jua, maambukizi na homoni. Ugonjwa ukimpata mtoto mdogo, chanzo cha kijeni huonekana wazi zaidi.

Mzazi asitaharuki, hata hivyo. Watoto wengi ambao chembe sahani hushuka baada ya homa ya virusi hupona ndani ya miezi michache. Wanaohitaji kufuatiliwa kwa miaka ni hasa wale ambao chembe nyekundu nazo zinashambuliwa, hali aliyoieleza daktari Robert Evans mwaka 1951, kwa sababu kwa baadhi yao lupasi hujitokeza baadaye.

Kwa upande wa tiba, hidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini tuliyoimeza kwa malaria, ilitumika kutibu lupasi miongo kadhaa kabla TLR7 haijajulikana. Leo tunajua kwamba hupunguza makali ya kipokezi hicho, na watafiti wanajaribu dawa zinazokilenga moja kwa moja.