Tunza Ngitili, Linda Afya

Kila siku tunaambiwa: "Chemsheni maji ya kunywa." Mafundisho haya ni ya kweli. Lakini mama atachemsha maji kwa kuni zipi? Kuni zikiwa mbali, mzigo mdogo alioupata hupikia ugali tu. Maji hunywewa bila kuchemshwa. Maharage hayapikwi, kwa sababu hula kuni nyingi. Watoto huharisha na kudhoofu. Hivyo mlima usio na miti huleta ugonjwa nyumbani.

Shida ilivyoingia Shinyanga

Wasukuma wana desturi ya ngitili tangu zamani. Ngitili ni eneo la nyasi na miti linalofungwa wakati wa mvua. Ng'ombe hawaingii. Kiangazi, malisho yakiisha kwingine, eneo hufunguliwa.

Baadaye miti mingi ilikatwa. Mingine ilikatwa ili mbung'o wakose mahali pa kuishi. Mingine ilikatwa kwa ajili ya mashamba ya pamba. Mifugo nayo iliongezeka. Katika miaka ya 1970 watu walihamia katika vijiji vipya, na ngitili nyingi zikakosa mlinzi. Ilipofika mwaka 1986 zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi tu. Watu walipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe. Mavi hayo yangekuwa mbolea shambani. Moshi wake huumiza macho na kifua, hasa cha mtoto aliyebebwa mgongoni.

Wanavijiji walivyorudisha miti

Mwaka 1986 Serikali ilianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mpango huo uliisha mwaka 2004. Kazi kubwa ilifanywa na wanavijiji wenyewe. Walikaa katika dagashida, yaani mkutano wa jadi, wakaweka sheria. Sungusungu walilinda. Aliyevunja sheria alitozwa faini.

Mahali pengi miti haikupandwa. Visiki vilikuwa bado hai ardhini. Vilipoachwa bila kukatwa wala kuliwa na mifugo, vilichipua vyenyewe. Katika miaka ya 2000 ngitili zilizidi hekta 300,000 katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule.

Faida zilionekana. Kuni zilipatikana karibu. Zilipatikana pia asali, mboga za porini na matunda. Ubuyu, kwa mfano, una vitamini C nyingi. Dawa za miti shamba nazo zilirudi. Lakini mtoto mwenye homa asingoje mizizi. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Vilima vya dhahabu

Jirani zetu wa Geita wana shida nyingine. Wachimbaji wadogo hukata miti iwe matimba ya kushikilia kuta za maduara. Duara likiachwa wazi, mvua hulijaza maji. Mbu huzaliana humo na kueneza malaria. Watoto na mifugo hutumbukia. Huko, kutunza kilima ni pamoja na kufukia maduara yaliyoachwa.

Kikundi cha kujitolea kifanye nini?

1. Kipeleke shauri kwa Serikali ya kijiji. Mkutano Mkuu wa kijiji ukubali mipaka na sheria ndogo.
2. Kipange walinzi wa zamu. Wanawake wawemo katika kamati, maana ndio wanaotafuta kuni.
3. Kiache visiki vichipue. Machipukizi yapunguzwe, yabaki machache yenye nguvu.
4. Kiweke siku za kuokota kuni kavu. Eneo likifungwa kabisa, maskini ataumia, kisha ataingia usiku.
5. Kizuie moto wakati wa kiangazi.

Msikate tamaa mwaka wa kwanza. Mlima haurudi kwa msimu mmoja. Kuni zikipatikana karibu, chemsheni maji mpaka yatokote. Kisha yafunikeni katika chombo safi.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Akina mama wa kijiji chenu hutembea saa ngapi kutafuta kuni?
2. Ni kaya ngapi kati ya zenu zilichemsha maji ya kunywa jana? Zilizoshindwa zilizuiwa na nini?
3. Ni kilima gani kinaweza kufungwa mwaka huu, na nani atakilinda?