Stempu ya Bibi Mary Ann Shadd

Wasikilizaji, mtu apokeapo barua husoma jina lake, kisha huifungua. Stempu haitazami tena. Lakini leo nawaombeni tuitazame stempu moja iliyotolewa na Posta ya Kanada mwaka 2024, kwa kuwa ina sura ya mwanamke ambaye zamani ilimpasa kulificha jina lake ili apate kutoa gazeti.

Stempu ni alama ya kuonyesha ya kuwa gharama ya kuchukua barua imekwisha lipwa. Lakini kwa sababu hupita katika mikono ya watu wengi, nchi huitumia pia kuwakumbusha watu wale wasiopasa kusahauliwa.

Mary Ann Shadd alizaliwa mwaka 1823 katika mji wa Wilmington, Marekani. Wazazi wake walikuwa watu weusi waungwana, si watumwa. Na baba yake, fundi viatu, aliwasaidia watumwa waliotoroka. Mwaka 1850 ilitolewa sheria kali ya kuwakamata watoro, hata katika majimbo yasiyokuwa na utumwa. Wala mtu mweusi aliye huru hakuwa salama. Basi wengi wakavuka mpaka kwenda Kanada, ambako utumwa ulikuwa umekwisha kukomeshwa. Bibi Shadd naye akaenda mwaka 1851, akafungua shule katika mji wa Windsor.

Tarehe 24 Machi 1853 likatoka gazeti lake, Provincial Freeman. Katika Amerika ya Kaskazini hapakuwa na mwanamke mweusi aliyetoa gazeti kabla yake. Liliwafundisha wakimbizi kujitegemea wala wasiishi kwa sadaka, maana mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Lakini siku zile watu hawakupenda mwanamke aongoze gazeti. Kwa hiyo aliandika jina la Samuel Ringgold Ward, mhubiri mashuhuri, kuwa ndiye mhariri; na jina lake mwenyewe akalifupisha, M. A. Shadd. Kazi ya kuandika na kutafuta fedha na wanunuzi ilikuwa yake, hali wasomaji walimpelekea barua kwa jina la “Bwana Shadd”. Siri ilipojulikana, wako walionung'unika. Hata mwaka 1855 ikambidi kumwachia mwanamume cheo cha mhariri. Hata hivyo hakuliacha gazeti lake, akaendelea kulitumikia.

Baadaye alirudi Marekani, na mwaka 1883, naye amekwisha kuwa mtu mzima wa karibu miaka sitini, akapata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Howard. Alifariki mwaka 1893.

Angalieni basi: zamani barua zilimfikia kwa jina la bwana asiyekuwako, sasa barua zimechukua sura yake na jina lake mwenyewe. Nanyi siku mtakapopokea barua, msiitupe bahasha kabla ya kuuliza: huyu katika stempu ni nani, naye alifanya nini?