Maji ya Kinjeketile: Uganga au Ibada?

Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu maji katika tamthilia ya *Kinjeketile* (Ebrahim Hussein) huandika neno moja, "ushirikina", kisha huhamia hoja nyingine. Jibu hilo ni finyu. Tofautisha kwanza istilahi hizi:

(a) Uchawi: matumizi ya nguvu za siri kwa nia ya kudhuru.
(b) Uganga: matumizi ya dawa ili kuponya au kukinga.
(c) Ibada: maombi na taratibu za kumwendea Mungu au mizimu kwa niaba ya jamii.

Katika jamii nyingi za kale za Kiafrika, uganga na ibada havikutenganishwa. Dawa ilikuwa mkononi mwa mganga, lakini nguvu zake ziliaminika kutoka juu yake.

Maji kama uganga: Wapiganaji wanaamini kwamba yatawakinga dhidi ya risasi za Wajerumani.

Maji kama ibada: Kinjeketile hayatengenezi, anapewa na Hongo, pepo wa mtoni. Kwa hivyo si mali ya mtu mmoja wala kabila moja. Hii ndiyo sababu yanawaunganisha watu waliokuwa wakizozana.

Mfano wa karibu nasi ni orkoiyot wa Wanandi. Aliwabariki vijana kabla ya vita na kutabiri yajayo, kazi mbili katika mtu mmoja. Koitalel arap Samoei, aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza, aliuawa Oktoba 1905, miezi michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza. Watawala walimwogopa kiongozi wa aina hii kwa sababu watu wengi walimsikiliza kwa pamoja.

Mgogoro: Risasi zinaua, kwa hivyo maji yanashindwa kama dawa. Kinjeketile mwenyewe ana shaka, lakini mwishoni anakataa kuyakana mbele ya Wajerumani. Anajua kwamba akiyakana, vizazi vijavyo vitaambiwa kuwa kupigania uhuru lilikuwa kosa. Imani inabaki hata dawa iliposhindwa.

Tanbihi: Kinjeketile wa tamthilia ni mhusika wa kubuni aliyejengwa juu ya mtu wa historia, Kinjeketile Ngwale. Jibu kwa kurejelea tamthilia.

Swali la marudio
Maji yalishindwa vitani lakini hayakushindwa katika jamii. Thibitisha kauli hii ukirejelea tamthilia. (alama 20)